Kinachoushika Udongo wa Kalembe

Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002, ukiiacha kwenye glasi ya maji yaliyotulia, huchukua muda wa saa 8 hivi kuzama sentimita 10. Chembe kama hizo zikishikana zikawa kibonge cha robo milimita, kibonge hicho hufika chini katika sekunde chache. Na hiyo ni glasi, haina mteremko wala mvua. Shambani mlimani maji hayatulii hata dakika moja, kwa hiyo chembe iliyobanduka peke yake haitui tena mpaka bondeni, na pengine hata bondeni haitui.

Kalembe, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, ni nchi ya mashamba ya mteremkoni. Mji huu mdogo umekaa mpakani: upande mmoja Masisi, uchifu wa Bashali, na upande wa pili Walikale, sekta ya Wanianga. Barabara itokayo Mweso kwenda Pinga inapita hapo. Walio nje ya mkoa hulisikia jina la Kalembe wakati wa vita, kama Oktoba 2024 pale waasi wa M23 na wapiganaji wa Wazalendo walipoupigania. Leo tuuzungumzie kwa sababu ya udongo wake. Vita tutakutana navyo njiani, maana havikwepeki.

Anayetoka Goma kuelekea huko anaacha nyuma udongo mweusi wa volkano. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na jirani yake Nyamulagira haichoki kutapika. Lava na majivu ya milima hiyo, yakichakaa, hutoa udongo ambao bado ni kijana, mwepesi mkononi, unaoishika mboji kwa nguvu kubwa kuliko karibu udongo mwingine wowote wa tropiki. Mkulima wa Rutshuru, penye udongo huo, anaweza kuufanyia mengi mabaya kabla haujamkasirikia. Kadiri unavyokwenda magharibi, baraka hiyo inapungua. Huko miamba ni ya kale, imenyeshewa kwa enzi na enzi mpaka chokaa na virutubisho vingine vikasombwa, na kilichobaki ni udongo mwekundu au wa manjano wenye asidi. Mfinyanzi wake mwingi ni kaolini, ule ule wanaoupenda wafinyanzi wa vyungu, na wekundu unatokana na oksidi za chuma. Maji ya upande huu hayaingii Ziwa Kivu. Yanashuka magharibi hadi mto Lowa, na Lowa inaingia Lualaba. Udongo unaong'oka hapa unaanza safari ya kwenda Kisangani na, kwa bahati mbaya yetu, hadi baharini.

Kushikana au kuachana kwa chembe za mfinyanzi ni habari ya umeme. Uso bapa wa kila chembe una chaji hasi, na hasi kwa hasi husukumana. Kama ingekuwa hivyo tu, mfinyanzi wote duniani ungekuwa tope lisilotulia. Lakini ndani ya maji ya udongo kuna ioni zenye chaji chanya, nazo huja kuzizunguka chembe. Zikiwa za sodiamu, zenye chaji moja na zilizobeba maji mengi kuzizunguka, hazisogei karibu vya kutosha, na chembe zinaendelea kusukumana. Zikiwa za kalsiamu au magnesiamu, zenye chaji mbili, au za aluminiamu, zenye tatu, zinasogea karibu kabisa, ule msukumo unafifia, na chembe zinagandamana.

Udongo wenye asidi kama wa milima hii una jambo la ziada. Kingo za chembe za kaolini, pamoja na zile oksidi za chuma, zina chaji chanya. Ukingo chanya wa chembe moja hunasa uso hasi wa nyingine, na chuma kinajibandika katikati. Ndiyo maana udongo mwekundu ambao haujasumbuliwa unaweza kuwa na vibonge vidogo, vigumu, vinavyopitisha maji vizuri, hata pale ambapo hakuna aliyetia mbolea tangu dunia iumbwe. Mgeni anaweza kuutazama na kusema huu ni udongo mzuri. Asichokiona ni kwamba aluminiamu ile ile inayozigandamanisha chembe hudumaza ncha za mizizi ya maharagwe. Udongo unaweza kuwa na umbo la kupendeza na bado ukamlaza mtu njaa.

Sasa tutie uozo, maana hapa ndipo mafundisho ya kawaida ya kilimo yanaporuka hatua. Kila mkulima ameambiwa kwamba samadi na majani yaliyooza huushikanisha udongo. Ni kweli, ila si mara zote na si kila sehemu ya uozo. Majani yakioza, sehemu fulani huyeyuka na kuwa maji ya rangi ya chai. Ndani yake mna asidi za mboji, nazo zimejaa chaji hasi. Zikifika kwenye udongo mwekundu hukimbilia pale penye chaji chanya, yaani kwenye zile kingo na kwenye oksidi za chuma, zikapafunika. Chembe ambayo ilikuwa na uso hasi na ukingo chanya sasa ni hasi kila upande. Kilichokuwa kinainasa kwa jirani yake kimezibwa. Mvua ikija, inaachia.

Jambo hili mafundi walilijua kwa mikono kabla ya maabara kulijua. Mmarekani Edward Goodrich Acheson, aliyezaliwa 1856 na anayekumbukwa zaidi kwa kubuni kaborandamu, ile inayotumika kunolea na kusagia vyuma, alikutana nalo mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa akitafuta udongo wa kutengenezea vyungu vya kuyeyushia madini, na udongo wa nchini kwake haukunyumbuka kama ule ulioagizwa kutoka Ulaya. Akautia tanini, maji ya magome yanayotumiwa na watengeneza ngozi. Chembe zikatawanyika, udongo ukalainika, na ulipokauka ukawa mgumu kuliko kabla. Hapo akakikumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Farao anapowanyima Waisraeli nyasi za kutengenezea matofali. Kama kazi ya nyasi ni kushikilia tofali kwa nyuzi zake, alijiuliza, mbona nyuzi zenyewe ni dhaifu hivyo? Akaloweka nyasi, akatumia maji yake peke yake, na matokeo yakawa kama ya tanini. Udongo huo akauita wa Kimisri. Nimesikia sura hiyo ikihubiriwa Jumapili nyingi, na sijasikia mhubiri akiitaja kemia yake.

Wanaokanyaga tope la matofali au la kukandikia nyumba katika nchi zetu nao huchanganya nyasi na samadi, na wengi huliacha tope lilale usiku kucha kabla ya kulitumia. Ukilowekwa hivyo, udongo unafunguka, chembe zinaachana na kujipanga upya zikiwa zimekaribiana zaidi. Ukikauka, ukuta hauna nyufa nyingi. Kwa nyumba hilo ni jema. Kwa shamba ni hatari, kwa sababu chembe zilizoachana vizuri ndizo zinazoziba vitundu vya juu ya udongo mvua inapopiga, kisha jua likifuata linatokea gamba ambalo mche wa maharagwe hauwezi kulipasua.

Basi samadi ni adui? Hapana, ila kinachoushika udongo si yale maji ya chai. Richard Bradfield, mwanasayansi wa udongo wa Marekani, alisisitiza tangu miaka ya 1930 kwamba kugandamana kwa mfinyanzi ni mwanzo tu wa kibonge. Umeme unazikutanisha chembe. Kuzifanya zidumu pamoja chini ya kishindo cha tone la mvua kunahitaji kitu kingine, na kitu hicho hutengenezwa na viumbe vilivyo hai. Bakteria wanaokula jani bichi hutoa ute, ambao ni sukari ndefu zinazonata. Mizizi nayo hutoa ute wake. Kuvu hutandaza nyuzi nyembamba mno, kijiko kimoja cha udongo mzuri kikiwa na mita nyingi za nyuzi hizo, zikavifunga vibonge vidogo kuwa vikubwa. Nyungunyungu humeza udongo pamoja na majani, huvichanganya tumboni, na kinachotoka nyuma, kikishakauka, kinastahimili maji kuliko udongo wa pembeni yake.

Mwaka 1982 Judith Tisdall na Malcolm Oades, wa Australia, waliandika makala ambayo mpaka leo haikwepeki katika fani hii. Walipanga viunganishi hivyo kwa umri wake. Mboji iliyofungamana na kalsiamu, chuma au aluminiamu, ndani ya vibonge vilivyo chini ya robo milimita, hudumu miaka na miaka. Jembe haliifikii kwa urahisi. Sukari zinazonata ni za majuma au miezi, kwa sababu bakteria waliozitengeneza wana ndugu wanaozila. Mizizi na nyuzi za kuvu, zinazoshikilia vibonge vikubwa, hudumu miezi, pengine miaka michache, na hukatika mara jembe linapoingia. Kwa hiyo ile sehemu ya muundo inayoonekana kwa macho, inayofanya udongo umeguke mkononi na kunywa mvua badala ya kuitema, ni sehemu inayokufa upesi. Lazima itengenezwe upya kila wakati.

Mfaransa Guy Monnier alikuwa amelionesha upande wa pili wa jambo hilo mwaka 1965. Aliangalia nini kinatokea baada ya kutia vitu mbalimbali. Majani mabichi yaliyofukiwa huinua uimara wa vibonge haraka na juu sana, kisha uimara huo huporomoka ndani ya miezi. Mabua makavu huuinua polepole zaidi, nao hukaa zaidi. Samadi iliyokwisha kuoza haileti msisimko wowote mwanzoni, lakini athari yake ndogo inadumu. Mkulima akiniuliza kipi bora, nadhani jibu la kweli ni kwamba swali limekosewa. Mwenye rundo moja kubwa la mbolea mara moja kwa miaka mitano ana udongo dhaifu kuliko mwenye vikapu vichache vya majani kila msimu, hata kama jumla ya uzito ni ile ile. Uozo unafanya kazi ukiwa unaendelea kuoza.

Kuna pingamizi moja la haki. Mwaka 1991 Oades huyo huyo, pamoja na mwenzake Waters, walionesha kwamba katika udongo mwekundu uliojaa oksidi ule mpangilio wa ngazi kwa ngazi hauonekani. Chuma na aluminiamu vinafanya kazi ambayo kwingine inafanywa na mboji. Mtu anaweza kusema basi Kalembe haihitaji uozo kushika udongo wake. Sikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vibonge vinavyoshikwa na chuma ni vidogo na vyepesi. Havitawanyiki majini, ni kweli, lakini maji yanayokimbia mteremkoni huvibeba vikiwa vizima. Vinavyokataa kubebwa ni vibonge vikubwa, vya mizizi na kuvu. Sababu ya pili inatoka Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwenye udongo mwekundu wa kaolini. Tangu 1976 watafiti wa Kenya wamelima pale viwanja vile vile, mahindi na maharagwe, vingine kwa mbolea ya dukani, vingine kwa samadi, vingine kwa mabua yaliyorudishwa shambani, na vingine bila chochote. Kaboni ya udongo ilishuka katika viwanja vyote, hata vile vilivyotunzwa. Pale palipochanganywa samadi, mabua na mbolea, ilishuka polepole zaidi. Udongo mwekundu uliotoka msituni una akiba, na kila anayelima anaila. Swali ni kasi ya kula.

Na sasa vita. Kuoza kwa kila msimu kunataka mambo matatu ambayo Kalembe imekuwa haina kwa muda mrefu: mifugo, muda, na uhakika kwamba shamba la leo litakuwa lako keshokutwa.

Masisi ni nchi ya ng'ombe, na jibini yake inaliwa Goma hadi Kinshasa. Lakini tangu machafuko ya 1993, yaliyoanzia Ntoto upande wa Walikale, mifugo imeporwa mara kwa mara, ikarudi, ikaporwa tena. Ng'ombe waliobaki wengi ni wa wenye malisho makubwa, na samadi yao inabaki malishoni kwao, mbali na kipande cha mihogo cha mtu wa kawaida. Huyu wa kawaida ana kuku, labda mbuzi wawili au sungura, na mara nyingi hata hao wanaliwa njiani wakati wa kukimbia. Ukiona mtu anachoma masalia ya mahindi badala ya kuyafukia, usimhukumu upesi. Kuchoma kunampa majivu ambayo yanapunguza asidi ya udongo msimu huu huu, na msimu huu huu ndio alio na hakika nao, tena nusu hakika.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Masisi inajua mpango unaoitwa salongo, jina lililobaki kutoka enzi ya Mobutu: mkulima asiye na shamba anafanya kazi siku kadhaa katika shamba la mwenye ardhi, naye anapewa kipande alime chake kwa msimu. Mara nyingi haruhusiwi kupanda miti wala zao la kudumu, kwa sababu mti ni ushahidi wa umiliki. Sasa mwambie mtu huyo achimbe shimo la mbolea, akate matete, apange mistari ya nyasi kukatiza mteremko. Atakusikiliza kwa adabu. Faida ya kazi hiyo itakuja miaka miwili baadaye, kwa mwenye ardhi au kwa ng'ombe wake. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya kinachoitwa ujinga wa mkulima kuhusu mmomonyoko ni hesabu sahihi ya mtu aliyekodi.

Wakimbizi wa ndani wanaongeza uzito wa jambo hili bila kosa lao. Kambi ikisimama kando ya mji, mashamba ya karibu hulimwa mfululizo bila kupumzika, kwa sababu ya mbali hayafikiki kwa usalama. Kinachopandwa ni kile kinachoiva upesi. Miti inakwenda kwenye mafiga, na mabua ya mahindi yanaifuata. Hakuna kinachorudi ardhini. Baada ya miaka michache vibonge vikubwa vimekwisha, mvua ya Oktoba inapiga udongo uchi, na njia za maji zinaanza kuchimba pale palipokuwa na njia za watu.

Udongo huo ulioondoka hukutana na watu tena ndani ya bidoni. Maji ya mto yenye mfinyanzi hayatibiki kwa klorini peke yake, kwa kuwa chembe huwaficha vijidudu na uozo ulioyeyuka huila klorini kabla haijafanya kazi. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya misaada, unataka ukungu wa maji, unaopimwa kwa kipimo kiitwacho NTU, uwe chini ya 5 kabla ya kutia dawa. Kwa hiyo mafundi wa maji hutumia shabu, yaani salfeti ya aluminiamu. Ni umeme ule ule wa shambani: aluminiamu yenye chaji tatu inazigandamanisha chembe, mabonge yanazama, maji yanang'aa juu. Wajuzi hupanga kwanza ndoo kadhaa, kila moja na kipimo chake cha shabu, waone ipi inatulia vizuri, maana maji hayafanani. Maji yaliyopita kwenye vinamasi au chini ya msitu, yenye rangi ya chai, yanadai shabu nyingi zaidi, kwa sababu zile asidi za mboji zinainyakua aluminiamu kabla haijaufikia mfinyanzi.

Nchini Sudan wanawake wa kando ya Nile walikuwa na njia nyingine. Walisaga mbegu za mlonge, wakakoroga unga wake kwenye maji ya mto, wakasubiri. Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya utafiti huko kuanzia miaka ya 1970, ndiye aliyeifikisha njia hiyo kwa wanasayansi. Ndani ya mbegu mna protini zenye chaji chanya, zinazozishika chembe hasi za mfinyanzi na kuzizamisha. Maji hayo yatumike siku ile ile, kwani mabaki ya mbegu yanawalisha vijidudu. Mlonge ni mti wa joto, na kwenye baridi ya milima ya Masisi haustawi vizuri, kwa hiyo simwambii mtu wa Kalembe aupande. Nauleta kwa sababu unakamilisha hesabu: kitu kitokacho kwenye mmea kinaweza kuutawanya mfinyanzi au kuugandamanisha, kutegemea chaji yake na kama ni chembe iliyoyeyuka au uzi unaofunga.

Anayetaka kujua hali ya shamba lake hahitaji maabara. Mwanasayansi wa Australia W. W. Emerson alieleza mwaka 1967 jaribio ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulifanya. Kausha kibonge cha udongo chenye ukubwa wa punje ya hindi. Kiweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, si ya kisima, kwa kuwa chumvi za kisima zinaweza kuuficha ukweli. Usikoroge. Kikibaki kizima, ute na nyuzi zipo. Kikibomoka kuwa vipande vidogo lakini maji yakabaki safi, basi umeme bado unashika ila viunganishi hai vimekwisha. Hewa iliyobanwa ndani imekipasua wakati maji yanaingia. Kikizungukwa na ukungu unaosambaa kama maziwa kwenye chai, mfinyanzi wenyewe unaachana, na shamba hilo lisilimwe likiwa limelowa hata kidogo. Kwenye udongo mwekundu nategemea jibu la pili liwe la kawaida zaidi. Linganisha na kibonge kilichotolewa chini ya mgomba uliotandazwa majani yake, au kando ya nyumba wanapomwaga takataka za jikoni, na utaiona tofauti kwa macho.

Kuhusu la kufanya, mfano ninaoupenda unatoka Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Wamatengo wanalima mashimo yanayoitwa ngoro kwenye miteremko mikali ambako wengine wasingethubutu kupanda kitu. Hukata nyasi na magugu, huyapanga juu ya ardhi kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Maharagwe hupandwa kwenye matuta, mahindi hufuata msimu unaokuja. Mvua inajaa mashimoni badala ya kukimbia, na chini ya kila tuta kuna nyasi zinazooza polepole, zikilisha kuvu mahali pale pale mizizi inapopita. Msimu mwingine mashimo huhamishwa, tuta la jana likawa shimo la leo. Inasemwa kwamba Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi kidogo yenye mteremko. Ngoro ina zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo waliokimbia wanaweza kutunga kilimo bora kuliko walichokiacha, mradi waachwe wakae.

Ngoro nzima inaweza kuwa kazi nzito mno kwa familia inayorudi Kalembe ikiwa na jembe moja. Lakini kuna jambo moja ambalo familia hiyo inalipata bure, na wengi hulipoteza siku ya kwanza. Shamba lililoachwa kwa miaka miwili kwa sababu ya vita limejaa magugu na vichaka. Kwa macho ya mwenye njaa ni aibu. Chini yake, mizizi na nyuzi za kuvu zimekuwa zikijenga vibonge bila kukatwa na jembe, na udongo ule una hali nzuri kuliko ulivyokuwa siku familia ilipoukimbia. Desturi ni kufyeka, kuchoma mwisho wa kiangazi, na kulima kote kwa jembe. Moto unakula majani yaliyopaswa kulisha kuvu, jembe linakata nyuzi, na mvua ya Septemba inakuta udongo umefunguka na hauna kifuniko.

Mwenye kurudi afyeke Julai au Agosti, ndiyo, lakini majani ayalaze kukatiza mteremko, mistari yenye hatua mbili hivi kati yake, na vigogo vya vichaka avitupie upande wa chini ili vizuie. Alime ile mistari ya kupandia tu. Majivu ya jikoni, ambayo anayo kila siku, ayatie kwenye mashimo ya mbegu kupunguza ukali wa aluminiamu. Msimu wa pili, kuanzia Februari, ile mistari ya majani iliyolainika ndiyo mahali pa kupandia maharagwe, na magugu mapya yalazwe pale palipokuwa pamelimwa. Kama shamba ni la kukodi, mapatano yatajwe kwa misimu minne badala ya mmoja, mbele ya mwami, yaani chifu, au mkubwa wa kijiji, na mwenye ardhi aambiwe mapema kwamba majani yale si uchafu. Mihogo ikingojewa hadi mwaka wa pili, ardhi isiachwe wazi kati ya mashina. Viazi vitamu vitandazwe hapo. Vinaifunika haraka, na majani yake ni mboga siku ambazo sombe, mboga ya majani ya mihogo, imechelewa.